Huruma na Haramu: Historia ya Neno Moja kutoka Pwani hadi Goziba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maana na matumizi ya neno huruma katika Kiswahili, kwa kurejelea mazingira ya Goziba na visiwa jirani vya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Hoja ya msingi ni kwamba umbo la neno hili linalihusisha zaidi na mzizi wa Kiarabu ḥ-r-m, uliotupatia pia neno haramu, kuliko mzizi r-ḥ-m, uliotupatia rehema. Kutokana na hoja hiyo, makala yanaonyesha kwamba maana ya neno imesogea kutoka heshima isiyovunjwa ya mtu hadi uchungu anaouona mtu mmoja kwa ajili ya mwingine, na kwamba nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na neno utu. Mifano ya kisarufi inalinganisha huruma, rehema, imani na utu, kisha matukio ya historia ya Kagera yanatumika kuonyesha tofauti hiyo inavyogusa maisha ya watu.

1.0 Utangulizi

Goziba ni kisiwa kilichomo ndani sana ya Ziwa Viktoria, mbali na mwambao wa Bukoba na Muleba. Kiutawala ni kata ya Wilaya ya Muleba, pamoja na kata nyingine za visiwani kama Bumbire, Ikuza, Kerebe na Mazinga. Maisha yake ni ya mwalo: mitumbwi, nyavu, dagaa waliotandazwa juani, taa za wavuvi zinazoonekana usiku kama mji ulioelea juu ya maji. Tangu sangara alipoongezeka ziwani katika miaka ya 1980, visiwa hivi vimepokea watu kutoka pande nyingi, na lugha inayowaunganisha mwaloni ni Kiswahili. Mhaya, Mkerewe, Mjita, Msukuma na Mzinza wakikutana juu ya mtumbwi mmoja, hawana muda wa kujadili watumie lugha gani.

Katika mazingira ya namna hiyo maneno ya kutendeana mema hayabaki kuwa maneno ya mimbari. Mtu akizama, ama anaokolewa ama haokolewi. Mgeni akishuka mwaloni bila chakula wala jamaa, ama anapewa pa kulala ama analala nje. Mwenye mtumbwi akikosa samaki mwezi mzima, ama anawapa vibarua wake posho ama anawaacha na njaa. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kueleza upande wa wema katika hali hizo: huruma, rehema, imani, hisani, fadhila, utu, ubinadamu. Kwa haraka maneno haya huchukuliwa kuwa visawe. Makala haya yanadai kwamba sivyo, na kwamba kuyachanganya kuna gharama yake.

Maswali yanayoongoza uchambuzi ni matatu. Kwanza, neno huruma limetoka wapi na lilibeba maana gani? Pili, sarufi ya Kiswahili cha leo inalitofautishaje na jamaa zake? Tatu, historia ya ukanda wa magharibi wa Ziwa Viktoria inatufundisha nini kuhusu nguvu na udhaifu wa neno hilo?

2.0 Asili ya Neno: Ushahidi wa Umbo

Kwa kuwa huruma na rehema yanakaribiana kimaana, na konsonanti zake ni zilezile tatu, ni rahisi kudhani kwamba yote mawili yametokana na raḥma ya Kiarabu. Dhana hiyo inakwama kwenye fonolojia. Kiswahili kinapopokea neno la Kiarabu lenye mfuatano wa konsonanti mbili, mara nyingi huchopeka irabu katikati yake, na irabu hiyo mara nyingi hufuata irabu iliyotangulia. Ndivyo ḥukm ilivyozaa hukumu, rukhṣa ikazaa ruhusa, na mzizi ẓ-l-m ukazaa dhuluma. Kwa kanuni hiyohiyo, raḥma imezaa rahma katika matumizi ya kidini na ya ushairi, na rehema katika matumizi mapana, huku r ikibaki mwanzoni. Ili raḥma izae huruma, ingelazimu konsonanti zibadilishane nafasi na irabu a igeuke kuwa u bila sababu iliyo wazi. Kwa upande mwingine, ḥurma inazaa huruma kwa hatua moja tu, ileile iliyozaa ruhusa.

Ikiwa hoja hii itakubaliwa, huruma linaingia katika ukoo usiotarajiwa. Mzizi ḥ-r-m umekipa Kiswahili haramu, -haramisha, maharimu na ihramu. Maana inayoyaunganisha maneno haya ni mpaka usiovukwa. Ihramu ni vazi na hali ya anayehiji, ambaye mambo kadhaa yamekuwa marufuku kwake. Maharimu ni ndugu ambaye hawezi kuolewa, kwa hiyo hana budi kustahiwa. Katika Kiarabu ḥurma ni heshima au utakatifu ambao haifai kuuvunja. Katika nchi za Ghuba neno hilo hutumika pia kwa mwanamke au mke, kwa maana ya mtu ambaye heshima yake inalindwa.

Tukianzia hapo, njia ya maana inaonekana. Mtu mwenye ḥurma ni mtu asiyeguswa ovyo. Anayemtambulia mwenzake ḥurma hiyo huuzuia mkono wake, na anayeuzuia mkono wake huonekana kuwa na moyo laini. Kidogokidogo neno likahama kutoka kwa anayestahili kulindwa hadi kwa anayelinda. Kutoka hadhi ya mmoja hadi hisia ya mwingine. Leo tunasema fulani ana huruma, na tunamaanisha mtendaji. Kwa mujibu wa asili yake, aliyekuwa na huruma ni yule anayetendewa.

Mabadiliko haya hayakuwa mapya wakati maneno ya Kiswahili yalipoanza kuandikwa na wageni. Katika kamusi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, kuanzia ya Krapf (1882) hadi za Johnson na Sacleux zilizotoka mwaka 1939, huruma tayari ni neno la moyo. Historia ya kabla ya hapo inabaki ndani ya umbo la neno lenyewe, kama alama ya maji kwenye jiwe.

3.0 Huruma na Jamaa Zake: Ushahidi wa Sarufi

Tofauti za maana kati ya maneno haya zinaonekana vizuri zaidi katika vitenzi vinavyoandamana nayo. Tuanze na huruma.

(1) a. Mvuvi alimhurumia mwenzake.
b. Yatima yule alihurumiwa na wanakijiji.
c. Wavuvi walihurumiana.
d. *Mvuvi alihuruma.

Kitenzi -hurumia hakina umbo fupi lisilo na kiambishi cha kutendea. Haiwezekani kuhuruma peke yako. Lazima awepo wa kuhurumiwa. Hilo ni jambo jema la kimaadili lililohifadhiwa na mofolojia. Mfano (1c) nao unaonyesha kwamba huruma inaweza kwenda pande mbili, ingawa katika usemi wa kawaida umbo hilo husikika zaidi katika nasaha kuliko katika masimulizi.

Rehema lina mwelekeo mwingine.

(2) a. Mungu amrehemu.
b. ?Mvuvi alimrehemu mwenzake.

Mfano (2b) si kosa la sarufi, lakini unamkwaza msikilizaji, kwa kuwa rehema hushuka kutoka juu. Tafsiri za Biblia zimelipanua kidogo: katika Biblia ya Muungano ya 1952 wanadamu nao wanaweza kuwa na rehema, kama katika heri za Mathayo. Hata hivyo, katika tafsiri hiyohiyo Msamaria wa Luka, anapomkuta mtu aliyepigwa njiani, anaelezwa kwa kitenzi -hurumia. Wafasiri walihisi kwamba kumfunga mtu jeraha njiani ni kazi ya huruma. Na neno la kawaida zaidi kutoka mzizi r-ḥ-m ni marehemu, yaani aliyerehemiwa. Rehema humpokea mtu akiwa amekwisha kuondoka. Huruma humfikia angali hai. Baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na mamia ya watu kupotea, familia za Kagera ziliyahitaji maneno yote mawili kwa siku moja: moja kwa waliozama, jingine kwa walioachwa.

Imani lina historia inayostahili makala yake. Mbali na maana ya kuamini, lina maana ya zamani ya moyo wa kuguswa na shida ya mwingine.

(3) a. Alimwonea imani akampa nauli.
b. Mtu yule hana imani hata kidogo.

Msemaji wa (3b) anaweza kuwa anamzungumzia mtu anayeswali au kusali kila siku. Analolalamikia ni ukatili wake. Matumizi haya yanafifia kwa vijana, nadhani kwa sababu lugha ya dini na ya siasa imelivuta neno upande wa kuamini.

Tufike kwenye utu. Jaribio lifuatalo ndilo kiini cha sehemu hii.

(4) a. Hali yake inatia huruma.
b. *Hali yake inatia utu.
c. Nilimwona nikaona huruma.
d. *Nilimwona nikaona utu.
e. Tumtendee kiutu.

Huruma inaweza kutiwa, utu hauwezi. Ili huruma ije, lazima kuwe na kitu cha kuileta: machozi, vidonda, nguo zilizochakaa, mtoto mgongoni. Inategemea kuonekana. Utu hautegemei hali ya anayetendewa. Mfano (4e) unafaa kwa tajiri na maskini, kwa mwenyeji na mfungwa. Sentensi moja ya kila siku inaonyesha kwamba wasemaji wanaijua tofauti hii bila kufundishwa:

(5) Sitaki kuhurumiwa. Nataka haki yangu.

Hakuna anayesema *sitaki kutendewa kiutu. Huruma inaweza kukataliwa kwa sababu inaweza kudhalilisha. Inampandisha mtoaji na kumshusha mpokeaji, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha ḥurma iliyolizaa neno lenyewe.

4.0 Safari ya Neno kuelekea Ziwani

Kiswahili kilifika magharibi mwa Ziwa Viktoria kwa misafara ya biashara. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa 1861, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia ya Karagwe, na Kafuro palikuwa kituo chao. Lugha ya msafara ilikuwa ya amri, mizigo na hongo, lakini ilikuwa pia lugha ya wangwana, watu waliojitambulisha kwa uungwana, yaani staha ya mtu asiye mtumwa.

Visiwani neno lilitanguliwa na risasi. Aprili 1875 Stanley na watu wake walifika Bumbire kwa boti wakitafuta chakula. Wenyeji waliivuta boti nchi kavu, wakachukua makasia. Wageni walifanikiwa kutoroka. Agosti mwaka huohuo Stanley alirudi na kikosi kikubwa, akawafyatulia risasi watu waliosimama ufukweni, akiwa amekaa majini kwa umbali ambao silaha zao hazikufika. Makumi waliuawa. Barua zake zilipochapishwa Uingereza, mwaka 1876, Henry Yule na Henry Hyndman walilipeleka suala hilo mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia na kulishutumu. Mjadala wa namna ya kuwatendea watu wa visiwa vya Muleba ulifanyika London, kwa Kiingereza, bila wao kuwapo. Waliokuwapo Bumbire, na walioweza kulieleza tukio kwa Kiswahili, walikuwa wangwana walioshika bunduki. Mwanahistoria wa maneno hana budi kujiuliza ni huruma gani iliyokuwa katika lugha hiyo siku ile.

Baadaye neno lilikuja kwa njia nyingine. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba Novemba 1890. Mapadre Weupe walifungua misheni Kashozi mwaka 1892. Walutheri wa Bethel walifuata mwaka 1910. Serikali ya Wajerumani ilikitumia Kiswahili katika utawala na shule, lakini mahubiri yaliegemea sana lugha za wenyeji. Matokeo yake ni kwamba kwa Mhaya wa kizazi kile, huruma lilikuwa neno la ofisini kabla ya kuwa neno la nyumbani. Lilikuwa neno la kumwombea mtu asamehewe kodi au apunguziwe adhabu. Utu, kwa upande wake, halikuhitaji kutafsiriwa: obuntu wa Kihaya na wa Kiganda ni neno lilelile la Kibantu, lenye shina -ntu na ngeli ya dhana. Aliyetoka bara alijifunza huruma kama msamiati. Utu alilitambua kama jamaa.

5.0 Pale Huruma Inapokutana na Haramu

Katika Kagera ya sasa, maneno mawili ya mzizi ḥ-r-m yanakutana mara nyingi kuliko wasemaji wanavyotambua.

La kwanza ni uvuvi haramu. Kokoro na nyavu za matundu madogo humaliza samaki wachanga, na hakuna mvuvi mwenye akili timamu asiyejua kwamba ziwa lisipolindwa atakufa njaa. Mwaka 2018 Serikali iliendesha Operesheni Sangara katika Ziwa Viktoria. Nyavu zilikamatwa na kuteketezwa kwa moto, na malalamiko ya wavuvi yakafika hadi bungeni. Tukitazama kwa jicho la lugha, tunaona kwamba mvuvi aliyeona kuwa ameonewa alikuwa na maneno mawili. Angeweza kusema mtuhurumie, au angeweza kusema mnitendee haki. Anayechagua la kwanza hutangaza hali yake: watoto, mkopo, ada ya shule. Kwa kufanya hivyo hukubali, bila kukusudia, kwamba mzozo umekwisha kuamuliwa dhidi yake na kwamba kilichobaki ni moyo wa mwenye nguvu. Anayechagua la pili hupima kitendo kwa kanuni. Kiswahili kinamruhusu kuchagua, lakini mazoea ya ofisi zetu yamemfundisha la kwanza.

La pili ni mhamiaji haramu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwenye mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24. Waliitwa wakimbizi, na mkoa wa Kagera ukawapokea. Nchi hii ilikuwa na sifa ya upokezi huo, kiasi kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa amepewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983. Desemba 1996 walirudishwa kwao. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga iliendeshwa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na jina lililotawala wakati huo lilikuwa wahamiaji haramu. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi nchini kwa miaka mingi.

Si kazi ya makala haya kuamua sera ya mipaka. Ni kazi yake kuonyesha kilichotendeka katika lugha. Kivumishi haramu hueleza kitendo au kitu: pombe, fedha, nyavu. Kinapobandikwa kwa mtu, mtu mwenyewe anakuwa kitu kilichokatazwa. Mzizi uliokuwa ukisema mtu huyu haguswi sasa unasema mtu huyu hatakiwi. Haramu na huruma, ndugu wa tumbo moja, wamegawana: mmoja amechukua mpaka, mwingine amechukua moyo. Mmoja humfukuza mtu, kisha mwingine humsikitikia akiwa njiani. Panapohitajika kueleza hali hiyo, usemi kama mhamiaji asiye na kibali unatosha, nao unaiacha hadhi ya mtu mahali pake.

6.0 Utu: Neno la Sheria na la Majini

Waandishi wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 walipotaka neno la kulinda heshima ya kila mtu, hawakutumia huruma. Ibara ya 12 inazungumzia kutambuliwa na kuthaminiwa kwa utu, na Ibara ya 13 inapiga marufuku mateso na adhabu za kinyama. Upinzani uliowekwa ni kati ya utu na unyama. Uamuzi huo wa kileksika ni sahihi, kwa kuwa huruma isingeweza kuwa haki. Mtu hawezi kwenda mahakamani kudai ahurumiwe.

Tukio la karibuni linaonyesha kwamba wasemaji wa kawaida nao wanalijua hili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Kati ya watu wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na jina la kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, likajulikana nchi nzima. Aliitwa shujaa. Kumwita mwenye huruma kungekuwa kweli, lakini kungepunguza kitu. Mvuvi anayepiga kasia kuelekea watu wanaozama hasubiri watie huruma, wala hajui ni nani waliomo. Anaifuata kanuni ya majini ambayo ni ya zamani kuliko operesheni zote: aliye majini ni mtu, na mtu haachwi majini. Tendo hilo halina jina bora kuliko utu. Na ukilitazama vizuri, ndilo hasa ambalo ḥurma ilimaanisha.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba umbo la neno huruma linaelekeza kwenye ḥurma, kwamba maana yake imehama kutoka hadhi hadi hisia, na kwamba sarufi ya leo inaitofautisha wazi na utu: huruma hutiwa, utu hutendwa. Historia ya ukanda wa ziwa imeonyesha gharama ya uhamaji huo. Pale ambapo mwenye mamlaka ana haramu mkono mmoja na huruma mkono mwingine, mnyonge hana pa kusimama isipokuwa katika unyonge wake.

Haya hayamaanishi kwamba huruma ni neno la kuachwa. Bila hiyo sheria hukauka, na Goziba pasingekalika. Linalopendekezwa ni la kiasi. Watunga kamusi wataje asili ya neno kwa ukamilifu, ili msomaji aone kwamba huruma na haramu vina shina moja. Walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi jaribio la kutia na kutenda, kwa kuwa linafundisha maadili na sarufi kwa pamoja. Na sisi tunaoandika ripoti, hukumu na habari tujiulize, kila tunapoandika kwamba watu fulani walihurumiwa, kama hatukupaswa kuandika kwamba walipewa kilicho chao.